Mawazo ya vijana si mali ya mwenye ukumbi

Binti mmoja ninayemfundisha kuandika programu amenitumia fomu ya shindano la ubunifu, akitaka kujua kama ajaze. Kampuni kubwa hapa Kampala inawaita vijana walete suluhisho za kilimo na malipo ya simu. Siku mbili, chakula kipo, mshindi anaondoka na hundi. Nikaisoma hadi mwisho. Kule chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba wazo lolote litakalowasilishwa, lishinde lisishinde, litakuwa mali ya mwandaaji, na mshiriki hatadai chochote baadaye.

Lishinde lisishinde! Yaani hata yule aliyeambiwa wazo lake halifai ameshanyang'anywa.

Sipingi ubunifu wazi (open innovation), yaani kampuni kutafuta mawazo nje ya kuta zake. Tangu Henry Chesbrough, profesa wa Marekani, aupe jina hilo mwaka 2003, hoja yake ya msingi haijapinduliwa: hakuna kampuni inayoweza kuwaajiri wote wenye akili, kwa hiyo itafute maarifa nje pia. Kwetu hapa hoja hiyo ina nguvu zaidi. Fundi wa Katwe anaijua mashine ya kukoboa kuliko aliyeiagiza, na mkulima wa Masindi anayajua mahindi yake kuliko ofisi yoyote ya Nakasero. Lakini katika hoja hiyohiyo maarifa huingia na kutoka, kwa makubaliano na kwa malipo. Hapa kwetu yanaingia tu.

Niliwahi kukaa kama mlezi wa washiriki kwenye shindano la namna hii. Jioni ya siku ya kwanza mfanyakazi wa mwandaaji alipita meza kwa meza na simu, akipiga picha kila ubao: michoro, bei, hata majina ya vikundi vya wakulima ambavyo vijana walikuwa wamevitembelea wenyewe. "Ni za kumbukumbu tu," alisema. Kikundi kimoja kilikuwa na kifaa cha kupima unyevu wa mahindi kabla hayajatiwa guniani, ili kuzuia sumukuvu. Walikuwa wamechora mzunguko wote wa umeme, waya kwa waya. Wakasogea pembeni ili picha itoke vizuri.

Sasa tazama sheria inawaachia nini. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 hailindi wazo lenyewe. Sheria ya siri za biashara ya 2009 inamsaidia aliyechukua hatua za kuificha siri yake, na hawa wameionyesha bila karatasi yoyote. Hataza (patent) inadai kitu kiwe kipya, na kitu kilichokwisha kuanikwa mbele za watu kinaweza kukosa sifa hiyo. Na hata kama bado ingewezekana, fomu waliyotia saini imeshawamaliza.

Asiyeamini kwamba wazo la kijana lina thamani amkumbuke Nkosana Makate wa Afrika Kusini. Mwaka 2000 alikuwa mhasibu mwanafunzi pale Vodacom, akatoa wazo la kumtumia mtu ujumbe wa "nipigie" hata kama huna salio. Aliahidiwa malipo kwa mdomo. Ilibidi afike Mahakama ya Katiba, na ni mwezi Aprili 2016 ndipo mahakama ilipoamua kwamba kampuni inafungwa na ahadi ile. Hata baada ya hapo waliendelea kuvutana kwa miaka kuhusu kiasi cha kulipa. Huyo alikuwa mtu wa ndani, mwenye ahadi. Mtoto wa chuo aliyesaini kipengele kile atasimama na nini mahakamani?

Nakubali kwamba kampuni nazo zina hofu ya kweli. Wazo moja linaweza kuwajia watu watatu kwa wakati mmoja, na kesho kijana akadai ameibiwa kitu ambacho kitengo chao kilishakianza. Hilo hutokea. Lakini dawa yake ni kumbukumbu! Kampuni inayotunza maarifa yake vizuri inajua imeandika nini, lini na nani. Itafungua daftari na kusema: hiki tulikuwa nacho tangu Machi, tarehe hii hapa. Nyingi nilizofanya nazo kazi haziwezi. Maarifa yao yako kwenye kichwa cha meneja mmoja na kwenye barua pepe za mtu aliyeacha kazi. Kwa kuwa hazijui zina nini, zinaona usalama ni kuchukua kila kitu cha kila mtu. Uzembe wa ofisi yao analipishwa kijana.

Kinachotakiwa kinaenea kwenye karatasi mbili, na kisainiwe kabla ya mlango kufunguliwa. Kila upande uandike umekuja na nini, na hicho kibaki chake. Kitakachotengenezwa pale kijulikane ni cha nani, nani ataruhusiwa kukitumia, kwa muda gani na kwa asilimia ngapi. LEGO, kampuni ya vitu vya kuchezea vya kuunganisha, hutengeneza seti zilizobuniwa na wapenzi wake, na mbunifu hupata asilimia 1 ya mauzo halisi. Ni kidogo, lakini kimeandikwa na kinalipwa. Wazo ambalo halikuchaguliwa lirudi kwa mwenyewe, na picha za mbao zifutwe. Na kama kijana anatakiwa kusaini hati ya kutunza siri za kampuni, kampuni nayo isaini ya kutunza siri zake.

URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni na haki za ubunifu, nao wangetuma ofisa mmoja tu kwenye kumbi hizi, badala ya kuwasubiri vijana ofisini kwao Kololo baada ya mambo kuharibika. Vyuo vimenyamaza mno.

Kampuni isiyotaka kuandika hayo isiitumie akili ya vijana wetu. Nawaomba na wenzangu mnaoalikwa kuwa walezi na majaji: mkipewa mwaliko, ombeni fomu ya washiriki kwanza, muisome hadi herufi ndogo. Mkikuta kipengele kile, kataeni kwenda na muwaandikie waandaaji sababu. Mimi nimeshaandika barua yangu.