Makanisa yao matupu, yetu yamejaa vigae

Kiingilio cha zaidi ya yuro kumi, kanisani! Jamani, nyumba ya Mungu, tena dada wa mapokezi anakuuliza kwa upole kama una kadi ya makumbusho. Mimi niliyelelewa usharikani najua pesa hutolewa ukishaingia, hutolewa mara tatu, halafu nje kuna mnada wa kuku na miwa. Nililipa huku nikinung'unika kwa Kichaga.

Ni Oude Kerk, yaani Kanisa la Kale, Amsterdam, Uholanzi. Kanisa hilo liliwekwa wakfu mwaka 1306 na ndilo jengo kongwe kuliko yote yaliyobaki jijini humo. Jumapili asubuhi ibada bado ipo. Saa nyingine wanaingia wasanii wa siku hizi na kazi zao, na wenye tiketi tunazunguka kutazama. Sanaa yenyewe sitaisemea sana, nyingine inapendeza na nyingine unaitazama kwa adabu tu. Kilichonipoza hasira ni sakafu.

Sakafu yote ni makaburi. Mawe ya kaburi yamepangwa kutoka ukuta hadi ukuta, karibu 2,500, na inakadiriwa watu 10,000 wamelala chini yake. Saskia, mke wa mchoraji Rembrandt, yupo hapo tangu 1642. Mawe mengine yamezama upande mmoja, mengine yana nyufa, majina yamelika kwa soli za viatu hadi unayasoma kwa kupapasa. Unatembea kwa tahadhari usije ukajikwaa. Na pamoja na utajiri wao wote, hakuna aliyesimama kwenye kikao akasema: ndugu wajumbe, sakafu hii ni aibu mbele ya wageni.

Kwetu angesimama, na angepigiwa makofi.

Kanisa nililobatiziwa lilijengwa kwa mawe wakati wa wamisionari. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, inang'aa kwa dawa ya kusugulia ambayo akina mama walikuwa wakiipaka Jumamosi wakiwa wamepiga magoti. Mbele, karibu na madhabahu, kulikuwa na bamba la jiwe lenye jina la mwinjilisti wa kwanza wa pale, mzee aliyetembea kwa miguu kijiji hadi kijiji. Tulikuwa tunaliruka, maana tuliambiwa ukilikanyaga unaugua. Ikaja kamati ya ujenzi, ikaja harambee, zikaja bahasha za ahadi (hata huku Uholanzi zilinifikia, na nilituma). Sasa ni vigae vyeupe mwanzo mwisho, vile vinavyoteleza mvua ikinyesha. Dari la mbao limeng'olewa, limewekwa jipsamu yenye taa za bluu kama ukumbi wa harusi. Mabenchi na milango miwili ya mninga sijui vilikokwenda. Tunakalia viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa. Na yule mwinjilisti yuko chini ya vigae, hana hata alama. Ila ukutani mlangoni kuna bamba la marumaru lenye jina la mgeni rasmi aliyezindua ukarabati. Maandishi ya dhahabu.

Najua mnachoandika sasa hivi. "Kaenda miaka michache kashakuwa Mzungu." "Makanisa yao ni makumbusho kwa sababu imani imekufa, yetu yamejaa." Hilo la pili nalikubali nusu. Ibada ya Oude Kerk nimehudhuria, na nafasi ya kunyoosha miguu ilikuwepo. Ule mshindo wa kwaya nne zikishindana siku ya mavuno siwezi kuupata Uholanzi kwa yuro zozote. Lakini niambieni, nani alisema kanisa likijaa watu ni lazima lifutwe kumbukumbu? Wale waliojaa leo wamejaa kwa sababu ya huyo mzee mliyemziba kwa vigae.

Mwingine atasema kanisa lenyewe limezungukwa na madirisha ya taa nyekundu, wanawake wanajiuza hatua chache kutoka ukutani, nawezaje kulisifu. Ni kweli limezungukwa. Sijasema tuwaige kila kitu. Nimesema sakafu.

Wala sidai wao ni malaika wa historia. Mwaka 1566 watu wa mji huohuo waliingia humo wakavunja sanamu za watakatifu. Michoro ya darini ilinusurika kwa kuwa ilikuwa juu, hawakuifikia. Bahati mbaya dari letu fundi jipsamu alilifikia.

Tena msinitajie umaskini, kwa sababu vigae ni ghali kuliko kuacha. Na msiniambie sisi hatuna vya kale. Kizimkazi, Unguja, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi, yaani mwandiko wa kale wa Kiarabu, kwenye kibla yenye tarehe inayolingana na 1107. Hesabuni wenyewe: Oude Kerk ilikuwa bado miaka 199 kuwekwa wakfu. Nikiwaambia hivyo wenzangu kazini wananitazama kama nawatania, nami nafurahi sana.

Na tukitaka tunaweza. Nendeni Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kanisa la Waanglikana lilianza kujengwa 1873, palepale palipokuwa soko la watumwa, chini ya Askofu Steere, huyo huyo wa kamusi na sarufi za Kiswahili. Kuna nguzo ambazo mafundi walizisimamisha kichwa chini, na zimeachwa hivyohivyo. Waongozaji wanazionyesha kwa mbwembwe. Jirani yake kuna maonyesho ya historia ya utumwa, unalipa kiingilio, na ibada zinaendelea. Hakuna aliyepungukiwa imani. Ila nilipokuwa pale, foleni nzima ilikuwa ya wageni. Vijana wetu walikuwa nje wakipiga picha, kisha wakaenda Forodhani.

Jambo moja zaidi kuhusu hiyo sakafu ya Amsterdam. Ibrahim Mahama, msanii wa Ghana, alifanya maonyesho humo kati ya 2022 na 2023. Alichukua nakala za mawe ya makaburi ya hapo, akaziunganisha na za sakafu zenye nyufa kutoka kwao. Sakafu ya Kiafrika, yenye nyufa, watu wanalipia kuiona kwenye jengo kongwe la jiji! Nikajiuliza kama angekuja kwetu tungempa nini cha kunakili. Kigae cha sentimita 60 kwa 60?

"Basi njoo ukarabati mwenyewe." Sawa. Nilituma mchango wa kwanza bila swali, wa pili nitautuma nikijibiwa. Mwenyekiti wa kamati, najua unasoma, maana picha ya mgeni rasmi uliituma kwenye kundi usiku wa manane. Lile bamba lilifunikwa au lilivunjwa? Kama lilifunikwa, vigae vinne tu vinatosha kung'olewa, na gharama ya fundi ni yangu. Na ile milango miwili ya mninga iko nyumbani kwa nani?