Krismasi Imepita: Furaha ya Januari Itoke Wapi?

Katika kanisa letu hapa Kampala, pango la Noeli hubomolewa Dominika ya Ubatizo wa Bwana. Misa ya Kiswahili ikiisha, vijana huja na maboksi, hukunja yale makaratasi yaliyopakwa rangi ya mawe, kisha huwafunga wachungaji na kondoo kwenye magazeti ya zamani. Mwaka huu mama mmoja anayeuza mukene, yaani dagaa, sokoni alisimama pembeni akiwatazama, halafu akasema bila kumlenga yeyote: "Mtoto tumeshamweka ndani ya boksi. Madeni yake ndiyo yamebaki nje."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna asiyeyajua madeni hayo. Desemba ikifika, stendi ya mabasi ya Kisenyi hujaa watu wenye magunia na kuku, nauli hupanda hadi kukaribia mara mbili, na bado watu wanasafiri, kwa kuwa Sekukkulu, yaani Krismasi kwa Kiganda, bila kumwona mzazi kijijini si sikukuu. Watoto lazima wapate nguo mpya. Wazee lazima wapelekewe sukari, sabuni na nyama. Ukirudi mjini, mwenye nyumba anabisha mlangoni, na mwanzoni mwa Februari shule zinafunguliwa. Hapo hudaiwi ada tu. Kuna orodha: rimu ya karatasi, mifagio miwili, karatasi za chooni, sukari kilo kadhaa. Najua mzazi aliyemrudisha mtoto nyumbani kutoka getini kwa sababu ya mifagio.

Basi swali la yule mama ni la haki: furaha tuliyoimba tarehe 25 imekwenda wapi?

Jibu la kwanza utalisikia haraka kwa walokole, na mimi nililelewa na bibi wa aina hiyo, kwa hiyo nalijua kwa ndani. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, na huku kwetu kwa watu kama Simeoni Nsibambi, miaka ya 1930, uliwafundisha Wakristo kwamba furaha inatokana na kusamehewa, na msamaha hauna msimu. Unatubu leo, unatembea nuruni leo, unafurahi leo. Wakikutana katikati ya wiki husimuliana Bwana amewatendea nini, na kalenda haiwapi wala haiwanyimi kitu. Kwa mtazamo huo, furaha inayoisha nyama ikiisha ilikuwa furaha ya nyama. Wanamtaja Paulo, aliyewaandikia Wafilipi wafurahi katika Bwana sikuzote hali yeye mwenyewe yuko kifungoni.

Jibu hili lina uzito. Nimeona wazee wa uamsho wakizika watoto wao bila kupoteza wimbo, na sikuona maigizo pale. Lakini nimeona pia linavyogeuzwa kuwa fimbo. Mjane anasema Januari imemlemea, anaambiwa imani yake ni ndogo. Mtu aliyefukuzwa kazi Desemba anaulizwa ana dhambi gani iliyofichika. Furaha ikishakuwa kipimo cha wokovu, watu hujifunza kuificha huzuni, na huzuni iliyofichwa kanisani haiponi.

Jibu la pili linatoka kwa wapenda sikukuu, nami sitawadharau. Wao wanauliza: kama Neno alifanyika mwili, kwa nini tuuonee mwili haya? Bodaboda anayekula posho, yaani ugali, na maharage mwaka mzima, siku moja anakaa na mama yake mbele ya matoke na kuku wa luwombo, aliyepikwa ndani ya jani la mgomba, ndugu waliokosana wanachovya sahani moja. Hiyo nayo ni Injili. Ukiiondoa, unabaki na dini ya maneno matupu. Nakubaliana nao zaidi kuliko bibi yangu angependa. Udhaifu wao unaonekana pale sherehe inapoacha kuwa ya mezani na kuwa ya macho ya majirani: kukopa ili usionekane umeshindwa. Mkopo wa namna hiyo unamnyang'anya mtoto ada ili baba yake asifiwe siku mbili.

(Kuna na wale wanaouza mwaka mpya kwenye mikesha ya Desemba 31: mwaka wako wa gari, wa visa, wa mume, leta mbegu. Siwahesabu kama jibu. Tumaini lenye tarehe ya mwisho linamwacha mtu Machi akiwa na aibu juu ya umaskini.)

Ninachokiona mimi ni kwamba pande zote mbili zinafunga kitabu mapema mno. Moja inaitafuta furaha ndani ya moyo wa mtu, nyingine mezani, na zote zinaishia horini. Luka haishii hapo. Siku arobaini baada ya kuzaliwa, Yosefu na Maria wanampeleka mtoto Yerusalemu, na kumbukumbu hiyo Kanisa huiadhimisha Februari 2, siku zile zile ambazo mzazi wa Uganda anahesabu rimu na mifagio. Sheria ya Walawi iliagiza mwanakondoo na kinda la ndege, na mama asiyeweza kumpata mwanakondoo alete ndege wawili. Luka anataja ndege wawili tu. Yaani familia ile ilifika hekaluni ikiwa na sadaka ya wasio nacho.

Hapo mlangoni hakuna malaika tena, hakuna nyota. Kuna wazee wawili: Simeoni, aliyekuwa akingoja faraja ya Israeli, na Ana, mjane wa miaka 84 asiyetoka hekaluni. Wao ndio wanaompokea mtoto na kuwaambia wazazi, na kila aliyekuwa akingoja ukombozi, huyu ni nani. Simeoni hafichi ubaya pia. Anamwambia Maria kwamba upanga utauingia moyo wake. Furaha ya Januari ya kwanza, tukiiita hivyo, ilibebwa na midomo na mikono ya watu wengine, na ilikaa pamoja na habari mbaya bila kuikana. Maria hakuambiwa achangamke.

Mathayo anaongeza jambo linalosikika tofauti kabisa ukilisoma Nakivale, makazi ya wakimbizi. Pale wilayani Isingiro wapo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, na Kiswahili kinawaunganisha wengi wao ibadani. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na mgao wa chakula umekuwa ukipunguzwa. Wengi wa watu hawa hawapandi basi la kurudi kijijini Desemba, maana kijiji kimechomwa au kiko mikononi mwa wenye bunduki. Nilipohudhuria ibada huko baada ya sikukuu, somo lilikuwa kukimbilia Misri: Yosefu anaamshwa usiku, anamchukua mtoto na mama yake, wanavuka mpaka. Mhubiri hakuhitaji kueleza mengi. Watu walioketi kwenye mabenchi yale walijua usiku huo unavyokuwa, unachukua nini na unaacha nini. Kwao Januari si anguko kutoka sikukuu. Ndiyo sehemu ya hadithi inayowahusu, na waliimba kama watu waliotajwa kwa jina.

Nchi hii ina Februari yake pia. Usiku wa Februari 5, 1977, askari wa Idi Amin waliipekua nyumba ya Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, wakidai wanatafuta silaha. Februari 16 akauawa. Kaburi lilichimbwa Namirembe, kwenye kanisa kuu la Waanglikana hapa Kampala, lakini mwili haukuletwa. Ulipelekwa kuzikwa Mucwini, kwao kaskazini. Waumini walikusanyika Namirembe hata hivyo, wakasali wakiwa na kaburi tupu mbele yao. Wangeweza kubaki majumbani, kila mmoja na imani yake moyoni. Walikwenda, tena wakati ambao kwenda kulikuwa na hatari, na tumaini lao lilionekana kwa sababu lilikuwa na miguu.

Ndiyo maana sishawishiki na ushauri kwamba kila mtu ajitafutie furaha yake baada ya Noeli. Mtu mmoja mmoja huishiwa.

Katika jumuiya yetu ndogondogo tulijaribu jambo mwaka juzi. Michango ya sherehe tuliigawa: nusu tukala pamoja tarehe 26, nusu tukaiweka hadi wiki ya Februari 2 kwa ajili ya ada. Sherehe ilipungua, na wapo walionung'unika kwamba soda hazikutosha. Hoja yao haikuwa ya kijinga: mzee mmoja alisema hana mtoto shuleni, na ule ulikuwa mlo wake pekee wa nyama na watu. Mwaka uliofuata tukaongeza kwenye mlo, tukapunguza akiba. Bado hatujapata kipimo kinachomridhisha kila mtu.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuja kwenye kugawa. Yule mama wa mukene hakuwa amechanga kitu Desemba. Biashara ilikuwa imelala. Katibu akasema kanuni ni kanuni. Katekista akasema twende kwanza kwenye mishumaa ya sikukuu ya Februari 2, tutarudi kwenye daftari. Tukabariki mishumaa, tukazunguka nayo uani, upepo ukawa unazima ya huyu na huyu anawashiwa na jirani. Tuliporudi kuketi, katibu aliandika jina lake kwenye daftari, na kwenye safu ya mchango akaacha wazi.