Neno la Waingereza na mvua ya Birere

Waingereza wana neno serendipiti, na tangu mwenzangu wa kazi hapa Leeds anifundishe, sijaacha kulifikiria. Ni kupata kitu kizuri ambacho hukukitafuta. Lilitungwa na Horace Walpole, mwandishi wa Kiingereza, kwenye barua ya Januari 28, 1754, akilitoa katika hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, jina la kale la Sri Lanka. Vijana wale waliona nyasi zimeliwa upande mmoja tu wa njia, wakajua ngamia aliyepita ni chongo. Kumbe Walpole hakusema bahati peke yake. Alitaka na jicho kali.

Ndiyo maana neno letu bahati halilitoshi. Bahati humkuta hata aliyelala. Sadfa nayo ni kukutana tu. Mimi ningesema kuokota, maana mwokotaji lazima apite, aone, ainame. Mtembea bure si mkaa bure, walisema wazee.

Linaloniuma ni hili: hapa neno wanalo, ila siku zao hazina nafasi yake. Kumtembelea jirani ni ahadi ya wiki mbili. Miaka sita napanda basi lile lile, kila mtu amejiziba masikio, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Kwetu Goma, Kongo, niliulizwa. Najua mji wetu una mateso yake, vita havijatuacha. Lakini mwaka 2018, nikiwa likizo, mama alinituma makala, yaani mkaa wa kupikia, mtaa wa Birere. Mvua ikanikuta njiani, nikajibanza kwenye baraza ya fundi cherehani. Mama mmoja mzee aliyekuja kuchukua kitenge chake akanitazama, akarudia kunitazama.

"Hilo paji la uso nalijua. Uko mtoto wa nani?"

Nikataja jina la baba. Akashika mdomo.

Nyumba yetu ilifunikwa na lava ya Nyiragongo Januari 17, 2002, picha zote zikaenda nayo. Baba alipofariki mwaka uliofuata hatukuwa na hata moja ya kuweka juu ya meza. Mama yule alikuwa nayo: arusi ya mdogo wake, baba amesimama nyuma kabisa, chupa ya soda mkononi, anacheka. Mvua ilipokatika tukapanda pamoja mpaka kwake Majengo, akaitoa kwenye bahasha.

Nilirudi nyumbani bila makala. Mama hakuyauliza. Alishika ile picha kwa mikono miwili, akasema shati hilo alilinunua yeye.