Mgongano wa Pembe na Lawama Mbili Zisizopatana

Mwindaji wa magharibi mwa Marekani anayepanda mlima akiwa na jozi ya pembe kuukuu mgongoni, za kugonganisha ili kumwita mnyama, hulaumiwa kwa mambo mawili. Wazoefu humwambia kwamba anapoteza muda wake, kwa kuwa ayala wa huko, mnyama anayefanana na kulungu, haji kwa kelele za pembe. Wengine, wakiwamo wawindaji wenyewe, humwambia kwamba anamfanyia mnyama hila, kwa kumwita katika zile wiki chache ambazo tahadhari yake yote imepotelea kwa majike. Lawama hizi husikika katika mazungumzo yaleyale, pengine kinywani mwa mtu yuleyule, na ni ajabu kwamba wachache hutambua kuwa haziwezi kukaa nyumba moja: hila isiyomnasa mnyama haiwezi wakati huohuo kuwa hila inayomwonea.

Mnyama mwenyewe ni Odocoileus hemionus, ambaye Wamarekani wamempa jina la nyumbu kwa sababu ya masikio yake makubwa, wakimkusudia nyumbu chotara wa punda na farasi, si yule wa Serengeti. Ninamwita ayala, neno ambalo wasomaji wa Biblia wanalifahamu, kwa kuwa kulungu wetu hubaki na pembe zake maisha yote, ilhali pembe za huyu huanguka kila mwaka na kuota upya. Zile zilizoanguka ndizo mwindaji huziokota na kuzigonganisha akiwa amejificha, huku akikwaruza vichaka, akisukuma mawe kwa mguu na kupuliza filimbi inayotoa mguno wa dume, ili aliye ng'ambo ya bonde adhani kwamba madume wawili wanagombea jike.

Wanaosema mbinu hii haifai huanza na hoja kwamba sifa zake zilitoka kwa mnyama mwingine, yaani ayala mwenye mkia mweupe, na hapo wanasema kweli. Jaribio linalotajwa sana lilifanyika katika miaka ya 1990 kwenye hifadhi ya Welder, kusini mwa Texas, kwa ayala huyo wa mkia mweupe. Watafiti waligonganisha pembe katika vipindi 171, na madume 111 wakaitika. Takwimu hiyo hunukuliwa hivyo hivyo, nzima, kana kwamba inasema kwamba kila ukigonganisha pembe mara tatu utaletewa madume wawili, na watu wa milimani huisikia, hucheka, kisha hurudi kwenye darubini zao.

Lakini ukiipasua takwimu hiyo, inakuwa habari nyingine kabisa. Kabla ya majira ya kupandana, vipindi 60 vilileta madume 18 tu. Katika kilele cha majira hayo, idadi ileile ya vipindi ilileta madume 65. Na kilele kilipopita, vipindi 51 vilileta madume 28. Hifadhi ilikuwa moja na mbinu zilikuwa zilezile, ila kalenda ndiyo iliyobadilika, na idadi ya walioitika ikapanda zaidi ya mara tatu. Sauti nayo ilikuwa na uzito wake: vipindi 86 vya kelele kubwa vilileta madume 81, na vipindi 85 vya kelele ndogo vilileta 30. Tena mtazamaji aliyewekwa juu ya mnara aliwaona madume ambao mtu aliyegonganisha pembe pale chini hakuwaona kabisa, jambo ambalo linapaswa kumfikirisha kila anayesema kwa uhakika kwamba hakuna aliyemjia.

Sasa tuirudishe kalenda hiyo milimani. Ayala wa masikio makubwa hufikia kilele cha kupandana takriban katika wiki ya tatu ya Novemba katika sehemu kubwa ya makazi yake ya kaskazini, na kwenye jangwa la Arizona na la Sonora, Mexico, huchelewa hadi Desemba na Januari. Msimu wa kawaida wa bunduki katika jimbo la Utah huangukia Oktoba, na vibali vya mwishoni mwa Novemba ni vichache, hupatikana kwa bahati nasibu, na wapo wanaovisubiri kwa miaka mingi. Kwa hiyo mwindaji wa kawaida aliyejaribu mbinu hii mara mbili au tatu, akaitangaza kuwa ni upuuzi, huenda aliijaribu katika kipindi ambacho hata kule Texas, kwa mnyama anayesifiwa kwa kuitika, ingemletea dume mmoja kwa kila majaribio matatu au manne. Ni kama mvuvi anayetupa wavu maji yakiwa yamekupwa, kisha anailaumu bahari.

Hata hivyo wapinzani wana hoja moja ambayo haitikisiki kwa urahisi, nayo ni ya uwiano wa madume kwa majike. Dume hupigana pale penye washindani. Katika maeneo ya kawaida ya uwindaji, serikali ya jimbo la Utah hulenga kubakiza madume 15 hadi 17, au 18 hadi 20 kutegemea eneo, kwa kila majike 100; dume aliyezungukwa na majike wengi kiasi hicho hana haja kubwa ya kufuata ugomvi wa watu wengine. Isitoshe, ayala huyu huishi katika nchi ya wazi, ambako kinachosikika kwa kawaida huonekana pia, na akisikia vita bila kuwaona wapiganaji hushuku. Ninaikubali hoja hiyo yote. Ila inachothibitisha ni kwamba mbinu hii hufaulu mara chache, na haithibitishi kwamba haifaulu. Na anayeishikilia hana budi kuiachia ile lawama ya pili.

Kuhusu lawama hiyo ya pili, msomaji wa Kenya, ambako uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, anaweza kuona kwamba mjadala mzima umechelewa, kwa kuwa swali la haki hujibiwa kwa kutowinda kabisa. Huo ni msimamo unaoheshimika, lakini anayeruhusu bunduki na kukataza pembe hawezi kujificha nyuma yake. Klabu ya wawindaji ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa na Theodore Roosevelt na wenzake mwaka 1887, hupima haki kwa kuuliza kama mwindaji amejipa faida isiyostahili. Kwa kipimo hicho, kinachotia shaka zaidi ni bunduki inayoua kutoka mbali kiasi kwamba mnyama hawezi kusikia wala kunusa chochote, au kamera za porini, ambazo Arizona ilizipiga marufuku katika uwindaji mwaka 2022. Mwenye pembe humwalika mnyama aje karibu, ambako masikio na pua yake vinafanya kazi, na dume mwenye umri huzunguka kwanza hadi upande ambako upepo utampelekea harufu ya waliopo. Wengi huishia hapo, wakageuka. Hatari iliyopo kweli ni ya binadamu, kwa sababu anayejifanya ayala vichakani anaweza kupigwa risasi na mwindaji mwenzake, na ndiyo sababu sheria ya jimbo la Colorado humtaka mwenye bunduki avae rangi ya chungwa au waridi inayong'aa, yenye eneo la takriban sentimita za mraba 3,200.

Katika mabishano haya yote kuna mwito mmoja ambao hautajwi sana, nao ndio unaonisumbua. Ni filimbi inayoiga kilio cha ndama aliyekamatwa. Utafiti wa Susan Lingle nchini Kanada umeonyesha kwamba jike wa ayala huyu hukimbilia kilio hicho hata kisipokuwa cha mwanawe, na hukimbilia hata kilio cha ndama wa ayala wa mkia mweupe. Na katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2014, akishirikiana na Tobias Riede, majike walisogelea sauti za watoto wa sili, paka, popo na hata binadamu, mradi mlio ulikaribiana na ule wa ndama wao. Filimbi hii haihitaji Novemba wala wingi wa madume. Dume anayefuata mgongano wa pembe huja kwa tamaa yake, akiikabili hatari ambayo angeikabili hata kama wapiganaji wangekuwa wa kweli. Jike huja kuokoa. Kanuni za majimbo mengi hutofautisha filimbi ya mdomo na kifaa cha umeme, yaani hupima chombo na kuuacha ujumbe, na kwa hiyo mguno wa dume na kilio cha ndama huhesabiwa kuwa kitu kimoja maadamu vyote vimepulizwa kwa pumzi. Mwenye jozi ya pembe mgongoni huitwa mjanja au mjinga kila msimu, lakini filimbi ya ndama hukaa mfukoni, na sijaona mabishano makubwa juu yake.