Kikasha Kikae Ukingoni, Macho Yaingie Majini

Niseme msimamo wangu mapema. Mchezo wa jiokashingi una nafasi yake kwenye ardhioevu za preri, yaani mbuga za nyasi ndefu, zinazofufuliwa huku katikati ya Marekani, na wasimamizi wanaoukataa moja kwa moja wanajinyima rafiki. Ila nafasi hiyo haipo katikati ya majani.

Kwa asiyeujua, huu ni mchezo wa kutafuta kitu kilichofichwa. Mtu anaficha kikasha mahali, anaandika latitudo na longitudo yake mtandaoni, wengine wanafungua simu au kifaa cha GPS na kukifuata. Ukikipata unaandika jina lako kwenye daftari dogo lililomo ndani, unakirudisha palepale. Ulianza Mei 2000. Serikali ya Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa GPS kwa watu wa kawaida, ikaacha. Siku chache hazikupita: Dave Ulmer akaficha ndoo porini karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza namba zake kwenye intaneti ili aone kama kuna atakayeipata. Ikapatikana. Leo duniani kuna vikasha zaidi ya milioni 3.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Illinois wanaiita Jimbo la Preri. Kabla ya jembe la chuma, ambalo John Deere alilitengeneza mwaka 1837 kijijini Grand Detour humuhumu Illinois, nyasi ndefu zilifunika zaidi ya ekari milioni 20. Preri ya asili isiyovurugwa iliyobaki leo haifiki hata moja kwa elfu ya hiyo. Mabwawa nayo yalikwenda njia hiyohiyo. Wakulima walifukia mabomba ya udongo chini ya mashamba, maji yakawa yanachuruzika humo hadi kwenye mifereji, na mahali palipokuwa na bata pakaota mahindi na soya. Ukipita barabarani huoni bomba hata moja. Unaona shamba tambarare, kavu, safi, na unadhani ndivyo Mungu alivyoliumba.

Ndiyo maana nalipenda sana eneo la Hennepin, kando ya Mto Illinois. Pale palikuwa na maziwa mawili, Hennepin na Hopper, yaliyozuiwa kwa tuta na kukaushwa kwa pampu miaka mingi yakalimwa. Mwaka 2001 shirika la The Wetlands Initiative likazima pampu. Mvua na chemchemi zikafanya kazi yake, maziwa yakarudi, na mbegu zilizolala udongoni muda wote ule wa mahindi zikaota. Hazikuota zote, zingine zilipandwa kwa mikono ya watu wa kujitolea. Wala haikuwa safari laini: samaki aina ya kapi waliingia, wakatibua tope na kung'oa mimea ya majini, ikabidi maji yashushwe na kazi ianze tena. Mwaka 2012 eneo hilo, la ekari zipatazo 3,000, liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mwaka huohuo likaingia na Emiquon, kusini zaidi kwenye mto uleule, ambako pampu zilizimwa mwaka 2007.

Kazi kubwa namna hiyo, na bado mpita njia haioni. Mama mmoja wa jumuiya yetu, mwenyeji wa Uvira huko Kongo, tulipita naye kando ya bwawa lililofufuliwa akaniuliza kwa huruma, "Wenye shamba hili walihama?" Sikumlaumu. Yeye amekulia karibu na matete ya delta ya Rusizi, matete kwake si kitu cha kulipia kodi. Nilipomweleza kwamba watu wamehangaika miaka kulirudisha hivi, alisimama, akatazama tena, akaanza kuuliza kuhusu ndege. Kusimama huko ndiko ninakokutafuta. Ardhioevu haina mlima wa kupiga nayo picha. Inahitaji sababu ya kukufanya usimame, uiname, na mchezo huu unatoa sababu hiyo, hasa kwa mtoto wa miaka kumi ambaye ukimwambia "twende tukaone nyasi" atakuuliza kama kuna intaneti.

Mtoto akishainama, kazi imebaki ya ardhi. Kwenye sehemu za juu zisizo na maji humea mmea wa maua ya njano, Silphium laciniatum. Majani yake ya chini husimama wima, kingo zikielekea kaskazini na kusini, ili jua kali la mchana lisiyapige bapa. Mwekee mtoto simu yenye dira kando ya jani hilo. Nimeona uso wa mtoto akihama kutoka kwenye skrini kwenda kwenye jani, akirudi kwenye skrini, kisha anaisahau simu.

Lakini nawaelewa wasimamizi, na wapenzi wenzangu wa mchezo tusijifanye hatuelewi. GPS ya simu inaweza kukosea mita kadhaa. Maana yake mtafutaji hafiki kwenye nukta, anafika kwenye duara, na ndani ya duara hilo anakanyaga kila kitu. Akija wa pili anaona majani yaliyolala, anadhani ndiyo njia, anaifuata. Mwisho wa msimu kuna njia ambayo hakuna aliyeichora. Ndege aitwaye bobolinki hutaga chini kabisa, ndani ya nyasi, na kiota chake hukioni mpaka mguu uwe umeshafika. Korongo wa huku hujenga kiota kwenye maji ya kina kifupi, na ukimkurupusha anaacha mayai wazi. Soli za viatu nazo zinabeba mbegu. Kuna mmea wa maua ya zambarau uliotoka Ulaya, mzuri kwa macho, ambao mche mmoja uliokomaa unaweza kutoa mbegu zaidi ya milioni mbili, na ukishashika bwawa unasonga mimea mingine yote.

Halafu kuna moto. Preri haiishi bila kuchomwa. Wasimamizi huichoma kwa mpango, majira ya kuchipua au ya kupukutika, ili miti isiivamie na nyasi zichipue upya kutoka kwenye mizizi inayoshuka mita mbili, tatu. Kikasha cha plastiki kilichofichwa humo kinageuka bonge jeusi lililoganda udongoni. Kikinusurika moto, kinasubiri maji kupanda. Daftari lililolowa, kalamu ya risasi iliyovimba, mfuko wa nailoni wenye ukungu ndani: hiyo ni takataka, hata kama ina namba mtandaoni.

Kwa hiyo kwenye hifadhi za taifa za wanyamapori, ambako kwa kawaida vikasha vya kuacha mahali haviruhusiwi, sioni uonevu. Ninachopinga ni kuishia hapo, kana kwamba mchezo ni kikasha tu.

Tangu mwaka 2004 kuna aina ya mchezo isiyo na kikasha kabisa, iliyoanzishwa kwa kushirikiana na Chama cha Jiolojia cha Marekani. Unafuata namba, unafika, unatazama ardhi, unajibu maswali, unamtumia aliyeyaandika. Hennepin imeumbwa kwa ajili ya hili. Simama kwenye tuta umuulize mtoto: mbona bonde ni pana hivi na mto wenyewe ni mdogo? Jibu ni kwamba bonde hilo lilichimbwa na Mississippi ya kale, kabla barafu haijausukuma mto huo magharibi miaka kama 20,000 iliyopita. Mto Illinois umerithi kitanda cha mkubwa wake.

Na wanaotaka kushika kikasha mkononi, wapewe kikasha cha hatua. Hatua za ndani ziwe za kutazama na kusoma: mwaka ulioandikwa kwenye kibao, idadi ya nguzo za daraja la mbao, yale mabanda ya matete ambayo panya wakubwa wa majini hujijengea. Tarakimu hizo zikikokotolewa zitoe namba za mwisho, na kikasha chenyewe kiwe maegeshoni, kwenye nguzo ya ubao wa matangazo, pembeni ya brashi ya kufutia viatu. Ruhusa iombwe kwanza kwa maandishi, na siku ya kuchoma ikitangazwa, mwenye kikasha akiondoe.

Ombi langu la mwisho ni kwa Waswahili wenzangu mlioko Illinois na Iowa. Maelezo ya kikasha huandikwa na aliyekiweka, kwa lugha anayotaka. Tuombe ruhusa, tuyaandike kwa Kiingereza na Kiswahili, ili yule mama wa Uvira ayasome mwenyewe na kumweleza mjukuu wake yale matete yanafanya nini pale.