Mwacheni Mtoto wa Chekechea Aimbe

Kila Jumamosi asubuhi hapa Turku, Ufini, wazazi tunavua viatu mlangoni na kuketi sakafuni kwa duara, tukiwa na watoto ambao wengi wao hawajaanza kutembea. Mwalimu anapakata kantele ndogo ya nyuzi tano, anaimba jina la kila mtoto, kisha tunawapakata watoto na kuwarusharusha kwa kufuata mapigo. Wenyeji hukiita kipindi hiki muskari. Nilipomsimulia mama yangu aliyeko Tanga, aliniuliza kwa mshangao: "Yaani mwanangu, mnalipa ada ili mtoto aimbiwe?"

Ana haki ya kushangaa, kwa kuwa yeye na bibi zetu waliifanya kazi hiyo bila ada. Mtoto wa kwetu alikuwa akiimbiwa akiogeshwa, akiimbiwa akilia, na akibebwa kwa mbeleko huku mama anatwanga, mwili wake uliyapokea mapigo ya mchi kabla hajajua kusema. Kinachoniuma ni kwamba wenzetu wanaijenga elimu hii kwa ratiba na walimu waliosomea, ilhali sisi tuliorithi tunaitupa.

Faida yake si hadithi. Mwaka 2005 watafiti Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor waliwapigia watoto wa miezi 7 mdundo mmoja, wengine wakirushwarushwa kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu. Baadaye kila kundi lilipendelea kusikiliza mpangilio ambao mwili ulikuwa umeuzoea, lakini watoto waliomtazama tu mtu mzima akirukaruka hawakuonyesha upendeleo huo. Mzazi anayemkabidhi mtoto simu yenye katuni za nyimbo na kuondoka anapaswa kulitafakari hilo. Mwaka huohuo Erin Hannon na Sandra Trehub walionyesha kwamba watoto wa Amerika Kaskazini wenye miezi 6 hutambua mabadiliko katika midundo ya Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, ambayo hawajapata kuisikia, na kwamba wakifika miezi 12 uwezo huo huwa umefifia, ingawa hurudi upesi mtoto akisikilizishwa midundo hiyo nyumbani. Sikio la mtoto, basi, linachagua mapema lugha za muziki litakazozielewa, na mtoto wa Tanga asiyesikia ngoma za kwao anapoteza kitu hata kama nyumba ina televisheni.

Sidai kwamba muziki humfanya mtoto awe bingwa wa hesabu. Imani hiyo ilienea baada ya jaribio la mwaka 1993 la kusikiliza muziki wa Mozart, lililowahusu wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto, na athari yake ilidumu kwa dakika 10 hadi 15 tu.

Sasa tazameni chekechea zetu nyingi za mijini. Mtoto wa miaka 4 ana madaftari, ana kazi za nyumbani, ana mtihani wa mwisho wa muhula na nafasi yake darasani. Mwalimu akiwaimbisha watoto asubuhi nzima, mzazi anampigia simu mwenye shule kulalamika kwamba daftari limerudi tupu. Halafu siku ya mahafali watoto hao hao wanavalishwa majoho, spika zinakodiwa, nao wanachezeshwa wimbo wa mapenzi wa watu wazima mbele ya wazazi wanaoshangilia.

Najua nitaambiwa kwamba nimefika Ulaya na sasa ninataka kuwafundisha watu kulea. Siisifu Ufini kwa kila jambo. Katika jengo letu sijapata kumsikia jirani akimwimbia mtoto wa mwenzake, jambo ambalo barazani kwetu halikuhitaji hata kuombwa, na kwa hilo ninajivunia nilikotoka. Mwingine atasema Wazungu wana pesa. Makofi yanagharimu shilingi ngapi? Debe tupu je?

Wako pia watakaoleta hoja ya dini, nami naiheshimu kwa sababu nimelelewa katika chuo cha Kurani. Sisemi kwamba usomaji wa Kurani ni muziki. Nasema kwamba ni kwa maalimu nilikojifunza kusikiliza kwa makini, kuvuta madda, yaani sauti ndefu za kisomo, kwa kipimo chake na kuishika sauti pamoja na wenzangu, na kila Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, tulitembea kwenye zefe tukiimba kaswida kwa matari, wazee wakituongoza. Hakuna aliyesema tunapotezewa muda.

Wala tusisingizie uhaba wa walimu. Bagamoyo pana chuo cha sanaa tangu 1981, na Zanzibar pana chuo cha muziki tangu 2002 kinachofundisha kupiga ala za nyuzi kama udi na kanuni, pamoja na ngoma. Baadhi ya wahitimu wao wanapigia watalii hotelini. Fedha anazotumia mwenye shule kukodi spika za siku moja zingeweza kumleta mmoja wao darasani, aketi sakafuni na watoto na kuwafundisha ngoma za mahali wanapoishi.