Upepo ulikuwa nje ya kioo

Shangazi yangu alinishika mkono ghafla akaniambia, “Mwanangu nitoe humu, naona giza.” Ilikuwa saa nane na nusu mchana, tumo ndani ya banda la maonesho ambalo sitasema ni la nani wala lilikuwa mji gani. Ukuta wa mbele wote kioo, tena umeelekea magharibi. Juu bati, chini ya bati dari ya plastiki nyeupe, na kati ya dari na ukuta hapapiti hata kiganja. Mlango ni mmoja, wanaoingia na wanaotoka wanasukumana hapohapo. Kiyoyozi kilikuwepo, lakini umeme ulikuwa umekatika na jenereta ilikuwa inahudumia spika za nje. Nilipoegemea ukuta wa alukobondi, yale mabamba ya alumini, niliutoa mgongo haraka, ulikuwa wa moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

Nikamtoa. Tukapata mwarobaini nyuma ya vyoo, na chini yake walikuwa wamekaa watu kama arobaini: walinzi, akina mama na watoto wao, hata wahudumu wa mabanda wenye fulana za kampuni zao. Shangazi akalegeza kanga, akajipepea, akanywa maji, na baada ya robo saa uso wake ukarudi kuwa uso wake. Upepo ulikuwepo siku nzima. Ulikuwa unapita palepale nje ya kile kioo.

Tangu siku hiyo nina hasira, na kila hasira inaponijia namkumbuka msanifu majengo Francis Kéré. Wengi walimjua 2022, alipokuwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa kabisa ya wasanifu majengo. Mimi namkumbuka kwa banda. Jumba la sanaa la Serpentine, lililopo Kensington Gardens jijini London, tangu mwaka 2000 hutoa uwanja wake wa majani karibu kila kiangazi kwa msanifu ambaye bado hajajenga jengo Uingereza. Msanifu Zaha Hadid alikuwa wa kwanza. Banda linajengwa, linakaa miezi michache, linabomolewa. Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya Kéré, mzaliwa wa Gando, Burkina Faso, naye akawapelekea mti.

Namaanisha mti wa kijijini, ule ambao watu wanakutana chini yake, wanaamua kesi, wanasubiri jua lipungue. Alichukua fremu ya chuma akaitandaza juu kama matawi, akaweka mbao chini yake ili mwanga ushuke umechujwa, kisha akaliinua paa lote juu ya kuta. Kuta zenyewe hazikufunga duara. Ziliacha njia nne za kuingilia, na zilipangwa kwa vipande vya mbao vyenye nafasi kati yake, hewa ikapita kila upande. Akazipaka buluu iliyoiva, rangi ya nguo ambayo kwao mtu huvaa siku anayotaka kupendeza. Katikati ya paa aliacha wazi. Mvua ikinyesha, paa linayakusanya maji na kuyamwaga hapo katikati kama maporomoko, watu wamekaa pembeni wakavu wanayatazama, kisha maji yanapita chini ya sakafu kwenda kunywesha bustani. Mvua ya London, ambayo kila mwenye banda huikimbia, yeye aliikaribisha ndani ikawa ndiyo kitu cha kutazamwa.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Kéré alikuwa mtoto wa kwanza kijijini kwao kupelekwa shule, na darasa alilosomea lilikuwa tanuri. Watoto zaidi ya mia, joto, giza. Hakulisahau. Akiwa bado mwanafunzi huko Berlin alichangisha pesa, na mwaka 2001 shule ya msingi ya Gando ikasimama, imejengwa na wanakijiji wenyewe kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Juu aliweka nini? Bati. Bati lilelile tunalolilaumu. Ila hakulilaza juu ya dari. Alijenga dari ya matofali yenye matundu, kisha bati akalinyanyua juu yake kwa nondo nyembamba, akaliacha lichomoze sana pembeni. Jua linapiga bati, hewa iliyo chini ya bati inapata moto na kukimbia nje, na inapokimbia inaivuta hewa ya darasani kupitia yale matundu, na madirishani inaingia hewa mpya. Hakuna feni, hakuna jenereta. Na kuta za udongo zinalizuia joto lisiingie mchana.

Kwa hiyo kosa la banda lililomwangusha shangazi halikuwa bati. Lilikuwa ule upana wa kiganja ambao fundi hakuuacha, na huyo fundi hakuuacha kwa sababu mchoro haukumwambia, na mchoro haukumwambia kwa sababu aliyeuchora alikuwa anawaza banda litaonekanaje kwenye picha za mgeni rasmi.

Linaloniumiza ni kwamba sisi hili tulikuwa tunalijua. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama mnavyozifahamu: baraza mbele, mlango, ukumbi umenyooka katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, halafu ua. Mchana hakuna aliyelala chumbani. Mkeka ulitandikwa ukumbini, mlango wa mbele wazi, wa uani wazi, na upepo ulipita juu ya vichwa vyetu mpaka tukashikwa na usingizi. Hakuna aliyemlipa mtaalamu kwa hilo. Mtu akiniambia leo kwamba upepo ndani ya banda ni jambo la gharama, namuuliza bibi yangu alikuwa na shilingi ngapi.

Na Kéré hayuko mbali nasi. Kando ya Ziwa Turkana, Kenya, alijenga chuo cha Startup Lions kilichokamilika 2021. Kina minara mirefu aliyoiga kwa vichuguu vya kule kule, hewa ya moto inapandia humo na kutoka juu, wanafunzi na kompyuta zao wakabaki chini kwenye ubaridi. Turkana, kwenye jua lile! Kama inawezekana pale, inawezekana kwenye uwanja wowote wa Sabasaba na Nanenane.

Wapo wengine waliolitendea haki banda. Joseph Paxton, mtunza bustani, alijenga jumba la kioo na chuma pale Hyde Park mwaka 1851 kwa vipande vinavyofunguka, na maonesho yalipoisha likahamishiwa Sydenham. Msanifu Peter Zumthor, kwenye maonesho ya dunia ya Hannover mwaka 2000, alilipangia taifa lake la Uswisi banda la mbao mbichi bila misumari, zimebanwa kwa vyuma na springi tu, zikawa zinakauka wakati watu wanatazama, na mwisho zikauzwa kama mbao. Msanifu mwingine, Shigeru Ban, maonesho hayohayo, aliijengea Japani banda la mabomba ya karatasi, akitaka kila kipande kirudi kutumika. Sisi maonesho yakiisha tunatia kufuli hadi mwakani.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wenye mabanda wana hoja. Makuti yanashika moto, na penye nyaya na jenereta huo si mchezo. Wezi wapo, na ukuta wenye nafasi unataka mlinzi. Hata Ban mamlaka za Ujerumani zilimlazimisha aongeze mbao kwenye karatasi zake. Na banda la Kéré London lilikuwa na chuma na paa la kisasa juu yake, halikujengwa kwa miti ya porini. Sawa. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalokataza paa kuinuliwa, au mlango wa pili kufunguliwa upande wa pili.

Ninachoomba ni kiwanja kimoja. Katika kila uwanja wa maonesho, kiwanja kimoja tu kila mwaka kitolewe kwa msanifu, kama wanavyofanya Serpentine, ila wetu awe kijana ambaye hajajenga kitu bado. Vijana wa Chuo Kikuu Ardhi wapo, wanamaliza kila mwaka. Wapewe bajeti ya banda la kawaida la maturubai na masharti mawili: lipoe bila umeme, na likibomolewa vifaa vyake viende kujenga kitu kingine, darasa, zahanati, kituo cha basi. Watu wakishakaa humo mchana wa saa nane, wataanza wenyewe kuwauliza wenye mabanda mengine maswali.

Juzi nilimwonesha shangazi picha za banda la Kéré kwenye simu. Alivaa miwani, akalitazama lile tundu la katikati muda mrefu.

“Mvua ikinyesha maji yanakwenda wapi?”

Nikamweleza: yanashuka hapo katikati, yanapita chini, yanakwenda bustanini.

“Na watu wanakaa pembeni humu?”

“Ndiyo, shangazi.”

Akaivuta picha kwa vidole akazitazama kuta, akahesabu njia za kuingilia mpaka nne. Kisha akanirudishia simu akasema, “Huyu amewahi kukaa na wazee.”